Fundo Lisilofunguliwa: Kazi, Safari na Ndoa Mpya katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya Shaaban Robert

1. Utangulizi

Shairi la "Amina" ni mojawapo ya mashairi ya Shaaban Robert yanayojulikana sana. Mume anamlilia mke aliyemtangulia. Anamfananisha na ua, anamwombea pepo, kisha anashikilia kwamba kifungo cha mapenzi yao hakuna awezaye kukilegeza. Msomaji anayelisoma peke yake, kama linavyosomwa mara nyingi katika diwani za shule, huenda akadhani kwamba aliyelitunga alibaki mgane mpaka siku yake ya mwisho.

Lakini shairi hilo limo pia ndani ya kitabu cha wasifu, na kitabu hakiishii kaburini. Sehemu ya kwanza, Maisha Yangu, ilichapishwa mwaka 1949. Sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, iliunganishwa nayo katika juzuu moja baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962. Katika juzuu hiyo mgane anarudi kazini, anahamishwa, anasafiri, analea watoto, na anaoa tena. Basi tunalo swali ambalo wahakiki wengi wamelipita kando: mtu aliyeapa kwamba fundo la kwanza halifunguliki, alifungaje fundo jingine? Je, alisahau kiapo chake, au sisi ndio hatukukielewa?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Hoja yetu ni kwamba, katika kitabu hiki, maisha hayajengwi upya kwa kulifungua fundo la kwanza, bali kwa kuligeuza kuwa wajibu. Kazi, safari na ndoa mpya hupata thamani kwa kadiri zinavyouachia wajibu huo nafasi. Tutaonyesha mahali ambapo mwandishi amefaulu katika jambo hili, na vilevile mahali ambapo, kwa maoni yetu, amepungukiwa.

2. Tatizo la usomaji wa kimaadili

Ni desturi kumwita Shaaban Robert mwalimu wa maadili, na jina hilo si la bure. Hata hivyo limekuwa na madhara yake katika uhakiki. Msomaji anayetafuta mafunzo tu hupita haraka juu ya msiba ili afike kwenye nasaha. Katika maswali ya mitihani, kwa mfano, mwanafunzi huulizwa ataje sifa za mke mwema au wajibu wa mtoto kwa wazazi. Ni nadra kuulizwa mwandishi alifanya nini na huzuni yake. Matokeo yake ni kwamba wasifu wa mtu aliyefiwa husomwa kama orodha ya amri, na amri zenyewe hazionekani zimetoka wapi.

Sisi tunaofundisha Kamina hatuwezi kuridhika na usomaji huo. Wanafunzi wetu wanaujua msiba kabla hawajajua neno "tanzia". Katika Kiswahili cha Katanga kikao cha wafiwa huitwa kilio, ambapo mwambao husema matanga; na mtu akikosa kufika darasani kwa siku tatu kwa sababu yuko kilioni, hakuna anayehitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa wasomaji hao swali la nini hufuata baada ya kilio kwisha si la nadharia.

3. Eda ya mwandishi

Tuanze na umbo la kitabu. Habari za ndoa ya kwanza zimeandikwa kwa nathari iliyotulia, yenye sifa nyingi na matukio machache. Mke anaposhikwa na mauti, nathari inaacha nafasi kwa shairi. Wengine wataona badiliko hili kuwa pambo tu, kwa vile Shaaban Robert alipenda kuchanganya nathari na ushairi hata pasipokuwa na msiba. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Nathari ya wasifu huenda mbele: leo hufuatwa na kesho, mwaka hufuatwa na mwaka. Shairi la vina na mizani, lenye kiitikio, hurudi palepale. Kila ubeti unapofunga, msomaji anarudishwa kwenye kiapo kilekile. Kwa muda huo wakati wa wasifu umesimamishwa.

Hapa inafaa kukumbuka sheria ya eda. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Muda huo una mwanzo na mwisho unaojulikana, na jamii nzima huuheshimu. Mwanamume hana eda ya namna hiyo. Sheria inamruhusu kuoa mapema kadiri apendavyo, na watu humhimiza afanye hivyo, hasa akiwa ana watoto wadogo. Uhuru huo una upungufu wake: majonzi ya mgane hayakuwekewa mahali. Hakuna anayemhesabia siku, wala hakuna siku ambayo ataambiwa kwamba sasa ametoka.

Tunaweza kusema, basi, kwamba shairi la "Amina" ni eda aliyojiwekea mwandishi mwenyewe. Beti zake ndizo siku zake. Ndani yake haruhusu neno lolote juu ya kesho. Hazungumzi juu ya kazi wala juu ya mke mwingine. Linapokwisha, wakati unaanza kwenda tena. Kwa mtazamo huu kiapo cha shairi si uongo uliokuja kukanushwa na ndoa za baadaye. Ni kauli ya mtu aliye edani, na ukweli wake hauondoki kwa sababu eda imekwisha, kama vile mjane anayevua nguo za msiba hajamkana marehemu.

4. Kazi mbili

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani karibu na Tanga, aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia forodhani, kisha katika ofisi nyingine, mwishowe katika idara ya upimaji huko Tanga. Alikuwa karani. Kazi ya karani wa Kiafrika wakati huo ilikuwa na heshima mtaani na unyonge ofisini: alitegemewa kwa bidii yake, lakini ngazi aliyoruhusiwa kupanda ilikuwa fupi.

Je, kazi hii ilimponya? Methali inasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wasomaji wengi hupenda kukisoma kitabu kwa mwanga wa methali hiyo: mtu alifiwa, akashika kazi, akapona. Tukiangalia vizuri tutaona kwamba kazi ya mshahara haikupewa sifa hiyo katika kitabu. Ilimlisha, ikamhamisha, na mara nyingine ikamdhalilisha. Inasimuliwa kwa uvumilivu, si kwa furaha. Kazi iliyojenga maisha yake ilikuwa nyingine, ile aliyoifanya baada ya saa za ofisi, kwa kalamu yake mwenyewe.

Mfano ulio bora zaidi ni tenzi mbili zilizomo katika kitabu, "Utenzi wa Hati" aliomtungia binti yake na "Utenzi wa Adili" aliomtungia mwanawe wa kiume. Kwa kawaida tenzi hizi hutolewa kitabuni na kufundishwa peke yake, kama mafunzo ya vijana wote. Tuzirudishe mahali pake. Msomaji aliyekwisha pitia habari za Amina anazisoma akijua kwamba nyumba hii imepoteza mama.

Jambo hilo linabadilisha maana ya "Hati" hasa. Katika fasihi ya Kiswahili wosia kwa binti una mama yake mkuu: Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, uliotungwa na Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa na akijua kwamba siku zake si nyingi. Mama anamfundisha binti yake kwa sababu anakaribia kuondoka. Katika "Hati" mpangilio umegeuka. Anayefundisha ni baba, na anaongea kutoka katika nafasi ambayo mapokeo yalimwekea mama. Tunaweza kulaumu baadhi ya nasaha zake kwamba zinamtaka binti awe mtii kupita kiasi, na lawama hiyo ina msingi. Lakini tusiache kuona tendo lenyewe: mwanamume aliyefiwa amekaa kwenye mkeka usiokuwa wake, akajaribu kusema maneno ambayo mwingine angeyasema vizuri zaidi.

Hii ndiyo kazi tunayosema inajenga. Haikumsahaulisha marehemu. Iliyachukua mapenzi yaliyobaki bila mwenyewe na kuyapeleka kwa wale waliokuwa bado wanayahitaji. Fundo halikufunguliwa, kamba yake ilirefushwa ikawafikia watoto.

5. Safari ya amri na safari ya hiari

Kitabu kina safari pia. Mwandishi wa pwani, aliyezoea bahari ya Pangani na Tanga, anajikuta Longido, katika nchi ya Wamasai kaskazini ya Arusha, na baadaye Mpwapwa, katikati ya nchi. Wasomaji wa leo huenda wakadhani kwamba safari hizi ni za mtu anayetafuta hewa mpya baada ya huzuni. Tukumbuke kwamba zilikuwa uhamisho. Karani hakuchagua kituo, aliambiwa.

Ubora wa mwandishi uko katika namna alivyoifanya safari ya amri iwe na faida ya hiari. Anaangalia nchi, anawaangalia watu, anapima tabia zao na zake. Lakini kuna jambo ambalo msomaji wa Kamina hulitambua upesi kuliko msomaji wa Dar es Salaam. Shaaban Robert kila alikokwenda alikuta meza, mshahara na cheo, hata kama vilikuwa vidogo. Safari yake ina kamba inayomshika. Si kila safari ina kamba hiyo.

Mji wetu umekua juu ya njia ya reli. Njia ya kutoka Bukama kwenda Ilebo, ambayo zamani iliitwa Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928, na mwaka 1956 Kamina iliunganishwa na Kabalo, na kwa njia hiyo na upande wa Ziwa Tanganyika. Kwa reli hiyo walikuja wafanyakazi, wake zao, askari na wachuuzi, na wengi walijenga maisha ya pili hapa. Lakini kwa reli hiyohiyo, mwaka 1992 na 1993, walipita watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Likasi na Kolwezi, wakielekea Mwene-Ditu na mbele yake, katika nchi ambayo wengi wao walikuwa hawajapata kuiona. Wengine walizika watoto njiani. Mwanafunzi ambaye familia yake ilipanda au ilitazama magari-moshi yale hataamini mara moja akiambiwa kwamba safari huponya.

Tunaweza kulinganisha na maandishi mengine yaliyo karibu nasi. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha na kuifafanua mwaka 1990. Katika masimulizi hayo kazi na safari ni vya wote kwa pamoja: watumishi waliwafuata mabwana wao, wakahama nao, wakateseka, na msimulizi anadai kazi yao isisahauliwe. Hakuna nafasi ya mtu mmoja kueleza alimlilia nani usiku. Shaaban Robert anayo nafasi hiyo, na kuwa nayo ni neema. Kwa hiyo tusiwafundishe wanafunzi kwamba safari yenyewe ni dawa. Kitabu hakisemi hivyo. Kinaonyesha kwamba safari humsaidia yule ambaye amebaki na wajibu unaosafiri pamoja naye: watoto, barua za kuandika, kitabu cha kumaliza. Barua alizompelekea ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo zilichapishwa mwaka 2002, ni ushahidi mzuri wa wajibu wa namna hiyo.

6. Ndoa mpya na ukimya wake

Sasa tufikie jambo gumu zaidi. Mwandishi anaoa tena, na sehemu ya pili ya kitabu inairudia mada ya ndoa kwa sauti ya mtu aliyekwisha vuka nusu karne. Kiapo cha "Amina" kinakaaje mbele ya mke mpya?

Kwa upande mmoja jibu letu la hapo juu linatosha. Fundo la kwanza halikufunguliwa, na halikuhitaji kufunguliwa ili la pili lifungwe. Kamba ni nyingine. Mwandishi hamwombi mke mpya awe Amina, wala hamdharau Amina ili mke mpya apendeze. Hii ni adabu kubwa, na katika jamii ambamo mke wa pili hulinganishwa kila siku na marehemu, au marehemu husingiziwa makosa ili aliye hai asifiwe, adabu hiyo ina mengi ya kufundisha.

Kwa upande mwingine hatuwezi kuficha upungufu. Amina alipata shairi lenye jina lake, na jina hilo linajulikana kwa kila mwanafunzi wa ushairi. Ni wasomaji wangapi wanaoweza kumtaja mke aliyemfuata? Katika habari za ndoa za baadaye mwandishi anaeleza zaidi wajibu kuliko mtu. Tunajifunza ndoa inapaswa kuwa nini. Hatumsikii mwanamke aliyeingia katika nyumba yenye kumbukumbu nzito akisema yeye aliionaje. Na tukiwa wakweli, Amina mwenyewe pia hasemi. Anasifiwa, analiliwa, anaombewa. Sauti ni ya mume kutoka mwanzo hadi mwisho.

Utetezi unaojulikana ni kwamba wasifu ni hadithi ya mwenyewe, na kwamba sitara ya pwani hairuhusu mambo ya ndani kutolewa nje. Tunaukubali kwa sehemu. Lakini mwandishi aliyeweza kuketi kwenye mkeka wa mama na kusema na binti yake alikuwa na uwezo wa kusikiliza zaidi. Mapenzi mapya yakielezwa kama wajibu tu, msomaji anaweza kuelewa kwamba mke wa pili ni dawa ya mgane, yaani chombo cha kumponya mtu mwingine. Hapo ndipo usomaji wa kimaadili unapokuwa hatari, maana unaligeuza pengo la kitabu kuwa mfano wa kufuatwa.

7. Kitabu cha kusomwa pamoja nacho

Upungufu huu hatuwezi kuurekebisha kwa kumlaumu mwandishi, bali kwa kumsoma mwandishi huyohuyo mahali pengine. Katika Wasifu wa Siti binti Saad, Shaaban Robert aliandika maisha ya mwanamke aliyejenga maisha yake upya kwa kazi na safari. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi. Alichuuza vyungu, akaolewa, ndoa ikavunjika. Mwaka 1911 aliingia mjini, akajifunza kuimba taarabu, na mwaka 1928 alifika Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950.

Katika wasifu huu mpangilio ni tofauti kabisa. Mwanamke si jibu la huzuni ya mwanamume. Amepoteza, ameondoka, amefanya kazi, na kazi imempa jina. Safari yake ya mjini haikuwa amri ya ofisi yoyote. Tukiviweka vitabu viwili pamoja katika mpango wa masomo, wanafunzi wataona kwamba mwandishi mmoja alijua njia mbili. Katika moja, mwanamume alirudi kwenye uhai kwa kuwalea wengine na kuandika. Katika nyingine, mwanamke alirudi kwa sauti yake mwenyewe, bila kungoja mtu aje amwokoe.

Pendekezo letu ni la vitendo. Kwanza, "Amina", "Hati" na "Adili" vifundishwe ndani ya kitabu chake, si kama vipande vilivyokatwa. Pili, Wasifu wa Siti binti Saad usomwe mara baada yake. Tatu, wanafunzi waombwe kukusanya, kwa Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa nyumbani, masimulizi ya wazee juu ya maisha baada ya kilio: nani alirudi kazini, nani aliondoka kwa reli, nani aliolewa au kuoa tena, na kwa maneno gani anaeleza. Vyuo vyetu havina maktaba kubwa, lakini utajiri huu haukosekani katika mtaa wowote wa Kamina.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kiapo cha "Amina" na ndoa za baadaye havipingani. Shairi ni eda ya mgane. Tenzi za watoto ni kazi iliyozaliwa na eda hiyo. Safari ni uwanja ambamo wajibu huo ulijaribiwa. Na ndoa mpya ni fundo jingine lililofungwa pembeni ya lile la kwanza. Tumeona pia kwamba fundo hili la mwisho ndilo lililosimuliwa kwa uchache, kwa kuwa aliyekuwa upande wa pili wa kamba hakupewa nafasi ya kusema.

Uhakiki wa Kiswahili nchini Kongo bado ni mchanga, na hauna sababu ya kurithi usomaji wa watu wengine pamoja na mapengo yake. Wasomaji wetu wanakuja kwenye kitabu hiki wakiwa na misiba yao, na wana haki ya kukuta humo zaidi ya nasaha. Watakuta mtu aliyefiwa ambaye hakudai kwamba amesahau, akafanya kazi iliyokuwa mbele yake. Wakiona vilevile mahali aliponyamaza, watakuwa wamemsoma kwa haki, na huenda baadhi yao, wanawake hasa, wakaandika sehemu iliyobaki.